Kitabu Kipya Katika Meza ya Zamani



Ndugu wapendwa wasomaji wa tafakari zetu za kila juma, leo tunawaletea jambo ambalo huenda likawashangaza, kwa kuwa linahusu mchezo. Tunawaomba mtuvumilie hadi mwisho, maana tulipoanza kulichunguza tuliona kwamba chini ya mchezo huo limo swali linalozigusa jumuiya zote za wanadamu.

Jumatano iliyopita alifika nyumbani kwa mapadre kijana mmoja wa parokia yetu, aliyerudi Moshi kwa likizo kutoka masomoni ng'ambo. Alikuwa ametumwa na mama yake. Mkononi alibeba vitabu viwili vikubwa vyenye picha za mazimwi na wapiganaji kwenye majalada, na mama, alipoviona katika begi la mwanawe, alishtuka. "Baba," akasema kijana, "mama anataka kujua kama vitabu hivi ni vya kishetani. Lakini mimi nina swali langu. Vitabu hivi viwili ni vya mchezo mmoja. Hiki ni cha mwaka 2014 na hiki ni cha mwaka 2024. Tulikuwa wenzangu sita tukicheza pamoja kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Kilipotoka hiki kipya, watatu wakakitaka, watatu wakakikataa, na sasa hatukutani tena. Inakuwaje watu waache urafiki kwa ajili ya kitabu?"

Swali la mama tutalijibu, lakini swali la kijana ndilo lililotufanya tukeshe tukisoma.

Yafaa tuanze na tunachokijua. Yeyote anayetembea mjini Moshi jioni, au anayepita vijiweni huko Kibosho na Marangu, amewaona watu wakicheza drafti kwa visoda vya soda. Mgeni akitaka kuingia, kwanza huuliza: "Hapa kwenu mnachezaje?" Wenyeji humweleza namna wanavyokula na namna kingi anavyotembea, kisha mchezo unaanza. Vivyo hivyo bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi: sheria zake ni ngumu na za kina, lakini zimerithishwa kwa mdomo na kwa macho, mzee akimwonyesha kijana. Bao lina mafundi wanaoheshimiwa, hasa Zanzibar na pwani, lakini halina mmiliki. Hakuna kampuni iwezayo kutangaza kwamba kuanzia Jumatatu bao mlilolijua limepitwa na wakati na kwamba sharti mnunue jipya.

Mchezo wa kijana wetu ni wa aina nyingine. Unaitwa Dungeons & Dragons, yaani mahandaki na mazimwi, nao ndio mama wa michezo yote ya kuigiza mezani. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao ni mwongozaji. Yeye husimulia nchi ya kubuni, vijiji vyake, wafalme wake na hatari zake. Kila mmoja wa wengine hujitwalia mhusika, kama vile askari, mganga au mwizi, na kusema mhusika huyo anatenda nini. Mchezaji akitaka kuruka korongo, hatoshi kusema kwamba ameruka: hurusha dadu, na kitabu ndicho kinachoeleza ni namba gani inayotosha. Hadithi hiyo yaweza kuendelea juma kwa juma kwa miaka mingi, na mhusika hukua, huzeeka na hata kufa. Kwa hiyo kitabu cha sheria katika mchezo huu ni kama msingi wa nyumba ambayo watu wameishi ndani yake. Ukiubadilisha msingi, nyumba nzima hutikisika.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Waandishi wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliopenda michezo ya vita ya mezani. Toleo la kwanza lilikuwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 tu. Maelezo yake yalikuwa na mapengo mengi, na kila kundi liliyaziba lilivyoona vema. Hapo mwanzo, basi, mchezo huo ulifanana na drafti la kijiweni: kila meza ilikuwa na desturi zake, na mgeni hakuwa na budi kuuliza, "Hapa mnachezaje?"

Kati ya mwaka 1977 na 1979 Gygax alitoa vitabu vitatu vikubwa vya sheria zilizopanuliwa, akitaka watu wa miji mbalimbali waweze kukutana na kushindana kwa kanuni moja. Jambo hilo lilikuwa na faida yake. Lakini kuanzia hapo kulikuwa na namna iliyoidhinishwa na namna isiyoidhinishwa, na mwenye kuidhinisha alikuwa mwenye kuuza.

Toleo la pili lilitoka mwaka 1989, na hapa ndipo swali la mama linapopata jibu. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi wa Marekani waliuogopa mchezo huu. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua mwaka 1982 aliamini kwamba mchezo ndio chanzo, na mwaka uliofuata akaunda chama cha kuupinga. Huzuni yake tunaiheshimu. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa baadaye haukuthibitisha kwamba mchezo huo huwafanya vijana wajiue au waabudu mashetani. Pamoja na hayo kampuni iliogopa, na katika toleo la pili ikaondoa majina ya mashetani na mapepo yaliyokuwa miongoni mwa maadui wa kupigwa vita. Baadaye maadui hao walirudishwa kwa majina ya kubuni. Wachezaji wengi waliudhika. Walisema kwamba mashetani wale walikuwa wa kushindwa, si wa kuabudiwa, na kwamba walikuwa wanatendewa kama watoto wasioweza kutofautisha hadithi na maisha. Mnamo mwaka 2000, katika toleo la tatu, majina ya zamani yalirudi.

Wakati huo mchezo ulikuwa mikononi mwa wengine. Kampuni ya kwanza ililemewa na madeni, na mwaka 1997 ikanunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, ambayo nayo mwaka 1999 ilinunuliwa na Hasbro, watengenezaji wakubwa wa vitu vya kuchezea. Wamiliki hao wapya walifanya jambo la hekima. Pamoja na toleo la tatu walitoa leseni ya wazi, wakamruhusu mtu yeyote kutumia kiini cha sheria zao kuandika na kuuza vitabu vyake. Walichokuwa wanakishika peke yao wakakifanya kiwe karibu mali ya wote. Toleo hilo lilibadilisha mambo mengi kuliko la pili, na bado lilipokewa kwa shangwe kubwa. Tukumbuke jambo hili: si kweli kwamba wachezaji huchukia kila kilicho kipya.

Manung'uniko yalianza upya mwaka 2003, baada ya miaka mitatu tu, vitabu vile vile vilipotolewa tena vikiwa vimerekebishwa. Mwanafunzi aliyekuwa amejinyima kununua vitabu vitatu aliambiwa avinunue tena. Lakini dhoruba yenyewe ilikuja na toleo la nne, lililotangazwa mwezi Agosti 2007 na kutoka Juni 2008.

Tuwe waadilifu. Toleo la nne halikuandikwa na wajinga. Lilipunguza kazi ya mwongozaji na kusawazisha nguvu za wahusika, na hadi leo wapo wanaolipenda. Lakini wengi walipolifungua hawakuuona mchezo wao. Walilalamika kwamba umefanana na michezo ya kompyuta, na kwamba wahusika walioishi nao miaka minane hawakuweza kuhamia katika sheria mpya bila kuvunjwa na kuundwa upya. Leseni ya toleo hilo ilikuwa ya masharti magumu kuliko ile ya mwaka 2000. Kisha, mwezi Aprili 2009, kampuni ilisitisha uuzaji wa nakala za kielektroniki za vitabu vya zamani, ikieleza kwamba inapambana na wizi wa nakala. Hebu fikirini, wapendwa: kitabu kipya hukitaki, na cha zamani hakiuzwi tena kwa njia hiyo.

Ndipo ile leseni ya wazi ilipofanya kazi ambayo huenda waliotoa hawakuitarajia. Kampuni ndogo iitwayo Paizo, iliyokuwa ikichapisha majarida ya mchezo huo hadi mwaka 2007, ilizichukua sheria zilizoachwa, ikawaalika wachezaji wazijaribu na kutoa maoni, na mwezi Agosti 2009 ikatoa mchezo wake uitwao Pathfinder. Kwa maneno mengine, sheria za zamani ziliendelea kuishi chini ya jina jipya. Mwaka 2011 taarifa za biashara za maduka ya michezo huko Marekani ziliuonyesha mchezo huo ukishika nafasi ya kwanza, mbele ya mama yake. Wengine walirudi nyuma zaidi: tangu mwaka 2006 walikuwa wameanza kuziandika upya, kwa kuitumia leseni hiyo hiyo, sheria za miaka ya 1970, ili kitabu cha ujana wao kisipotee.

Wamiliki walijifunza. Mwezi Januari 2012 walitangaza kwamba toleo lijalo litajaribiwa hadharani, na kwa miaka miwili watu zaidi ya laki moja walisoma rasimu, wakazichezea na kujibu maswali. Mwaka 2013 vitabu vya matoleo ya zamani vilianza kuuzwa tena kwa njia ya kielektroniki. Toleo la tano lilipotoka mwaka 2014, wengi waliokuwa wameondoka walirejea mezani, na mchezo ukaenea kuliko wakati wowote kabla yake.

Lakini mwanadamu husahau upesi. Mwezi Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka kuifuta ile ya mwaka 2000 na kuwatoza ada wachapishaji wakubwa. Wachezaji walijiondoa kwa wingi katika huduma ya kulipia ya kampuni. Mwezi huo huo haujaisha, kampuni ilirudi nyuma: tarehe 27 Januari iliacha mpango wake na kuziweka sheria za msingi za toleo la tano chini ya leseni huria ambayo haiwezi kuifuta tena. Mwezi Agosti 2024 likatokea jingine dogo lenye mafunzo makubwa. Vitabu vipya vilipokaribia kutoka, ilitangazwa kwamba katika huduma ya intaneti maelezo ya uchawi na vifaa ya mwaka 2014 yangefunikwa na ya mwaka 2024 kwenye karatasi za wahusika wa watu. Wachezaji walipiga kelele, na kwa siku chache tu uamuzi ukabadilishwa. Kitabu kilicho kabatini kwako hakuna awezaye kuja usiku kukiandika upya. Kilicho katika kompyuta ya mwingine chaweza kubadilika umelala.

Sasa tujiulize pamoja na kijana wetu: kwa nini watu hukataa? Sababu ya kwanza ni fedha, nayo si ya kudharauliwa, lakini haitoshi, maana wengi walionung'unikia gharama walinunua vitabu vya Pathfinder bila kunung'unika. Sababu ya pili ni kumbukumbu. Katika sheria zile wamezika wahusika wao, wamecheka na marafiki waliokwisha kutawanyika, na kuziacha ni kama kuhama nyumba iliyo na makaburi ya wazee uani. Sisi watu wa mlimani tunalielewa jambo hilo bila kufundishwa. Lakini hata kumbukumbu haielezi yote, kwa sababu mwaka 2000 na mwaka 2014 watu hao hao walipokea mabadiliko makubwa.

Tofauti, kwa maoni yetu, ni namna walivyotendewa. Mwaka 2000 waliongezewa haki, na mwaka 2014 waliulizwa. Mwaka 2008 na mwaka 2023 waliambiwa. Mtu aliyeulizwa huweza kukubali hata kitu ambacho yeye mwenyewe asingekichagua. Mtu aliyeambiwa tu hukataa hata kizuri, kwa sababu anachokitetea si ukurasa fulani wa kitabu, bali nafasi yake mezani.

Jambo hili ni la kale kuliko michezo ya Marekani. Karibu mwaka 403 Mtakatifu Augustino alimwandikia Mtakatifu Yeronimo habari za mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli nchini Libya. Askofu wa mji huo alisoma kanisani tafsiri mpya ya Yeronimo ya kitabu cha Yona. Ilipofika habari ya ule mmea uliomfunika nabii kwa kivuli, watu walisikia jina tofauti na lile walilolizoea tangu utoto wao, nalo lilikuwa limeimbwa kwa vizazi vingi. Pakatokea ghasia, na askofu akakaribia kubaki bila waumini. Yeronimo alikuwa msomi mkubwa, na alijitetea kwa hoja za Kiebrania. Lakini waumini wa Oea hawakuwa wanabishana juu ya Kiebrania. Waliguswa mahali ambapo walikuwa wamezoea kutumaini.

Nasi tunalo la kuungama. Miaka michache iliyopita tulikubali kwaya ibadilishe sauti ya wimbo mmoja wa zamani, tukidhani kwamba uzuri wa sauti mpya utajitetea wenyewe. Dominika ile upande wa kina mama wazee ulinyamaza kimya. Baada ya Misa mmoja wao alitushika mkono akasema, "Baba, hamkukosea kuimba upya. Mlikosea kutotuambia." Tulitafuta jibu, hatukulipata.

Hata hivyo, haki haiko upande mmoja. Wanaoshika cha zamani nao wana kishawishi chao, yaani kumdharau mgeni aliyeingia kwa mlango mpya. Yule mtoto aliyeujua mchezo kwa kitabu cha mwaka 2024 hajamwibia mtu chochote. Kwake hicho ndicho kitabu cha ujana, na baada ya miaka 20 atakitetea kwa machozi yale yale. Mwaka 2019 Paizo wenyewe, waliojengwa na watu waliokimbia toleo jipya, walitoa toleo la pili la Pathfinder, na baadhi ya wachezaji wao wakalalamika kwa maneno yanayofanana sana na yale ya mwaka 2008. Hakuna kundi linaloweza kujiapiza kwamba halitabadilika kamwe.

Kwa mama tulimpelekea jibu hili: vitabu vya mwanao ni vya hadithi, na hadithi hupimwa kwa matunda yake. Muulize anacheza na nani, kwa saa ngapi, na kama sala, masomo na usingizi vimebaki mahali pake. Zaidi ya hayo, mwombe akufundishe mchezo wenyewe. Utajua mengi kuliko kutazama jalada.

Kwa kijana tulisema hivi: kitabu cha zamani hakihitaji kibali cha mtu ili kiendelee kuchezwa, na kitabu kipya hakikuja kuvunja urafiki wenu. Mlivunja ninyi, kwa sababu kila upande ulitangaza badala ya kuuliza. Rudini kwenye desturi ya kijiweni. Mwezi mmoja aongoze wa kitabu cha zamani, mwezi unaofuata aongoze wa kitabu kipya, na kila anayeketi aulize kwanza, "Hapa mnachezaje?"

Aliwaandikia wenzake watano jioni ile ile, akiwa bado barazani kwetu. Hadi tunapoandika tafakari hii, wawili wamejibu. Tuwaombee hao watatu waliobaki, na tuziombee pia meza zetu wenyewe, za ukoo, za jumuiya ndogo ndogo na za kwaya, ambako huenda yupo mtu aliyenyamaza kwa sababu hakuulizwa.

Tunawatakia nyote Dominika njema na juma lenye amani.